Mama, Usikiogope Chuma

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20. Akina mama wengi hujitwisha ndoo hiyo alfajiri, mara mbili au tatu, kabla watoto hawajaamka, wala hakuna anayewaambia kwamba kazi hiyo ni ya wanaume. Lakini mama huyo huyo akiingia katika ukumbi wa mazoezi, au jimu kama wengi wanavyouita, na kukuta chuma kirefu kimelala sakafuni, hurudi nyuma na kusema, "Hayo si yetu, ni ya vijana." Kumbe chuma hicho kikiwa kitupu, bila vyuma vya duara vinavyochomekwa pembeni, nacho kina kilo 20. Kile kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake kina kilo 15 tu, tena ni chembamba kidogo ili mkono wa mama ukishike vizuri.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunayo sababu ya kuandika habari hii. Wodini tunawapokea akina mama wenye umri mkubwa walioteleza bafuni au waliojikwaa kizingitini, wakavunjika nyonga. Wengi wao walikuwa wachapakazi maisha yao yote. Hawakuangushwa na uvivu. Waliangushwa na misuli na mifupa iliyopungua kimya kimya kwa miaka mingi. Mama aliyekuwa akipikia ukoo mzima hurudi nyumbani akihitaji kuogeshwa na binti au mkwe wake. Hatari hii yaweza kupunguzwa, lakini maandalizi yake yafaa kuanza mapema, tukiwa bado na nguvu.

Misuli na mifupa huenda wapi?

Mtu anapopita miaka 30, misuli yake huanza kupungua pole pole asipoitumia kwa kazi ngumu. Kisha hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza uimara wake kwa haraka zaidi. Mfupa si jiwe. Ni kiungo hai, kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Ukiubebesha mzigo unaozidi kidogo ule uliouzoea, mwili huongeza ujenzi. Misuli nayo hutumia sehemu kubwa ya sukari itokanayo na chakula, na kwa hiyo mama mwenye kisukari cha ukubwani hufaidika sana akiwa na misuli yenye nguvu.

Huenda ukauliza, "Mbona mimi nabeba ndoo na kuni kila siku? Si hayo hayo?" Swali hili ni zuri. Mwili huzoea mzigo. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu. Ilionekana kwamba waliweza kubeba kichwani mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Ni sifa kubwa kwa mama zetu! Lakini inatuonyesha pia kwamba ndoo ile ile, mwaka baada ya mwaka, haiudai mwili kitu kipya. Uzuri wa chuma ni kwamba unaweza kukiongezea kilo moja leo na kilo nyingine wiki ijayo, na mzigo wake hukaa sawa pande zote mbili.

Akina mama wa miaka 60 waliweza

Huko Queensland, Australia, watafiti waliwachukua wanawake 101 waliopita umri wa miaka 58, wote wakiwa na mifupa iliyopungua uimara. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, dakika 30 kila mara, chini ya uangalizi wa mwalimu. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi minane, mifupa ya uti wa mgongo ya wale walionyanyua vyuma ilikuwa imeongezeka kwa karibu asilimia 3, na ya wenzao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 1. Katika kundi la vyuma ni mama mmoja tu aliyepata shida, nayo ilikuwa kukaza kwa mgongo kidogo. Tusisahau kwamba mwezi wa kwanza hawakupewa uzito mkubwa. Walijifunza kwanza.

Hofu tunazozisikia

"Nitakuwa na mabega kama mwanamume." La hasha. Misuli minene ya wanaume hutegemea zaidi homoni ya testosteroni, ambayo mwanamke anayo kwa kiasi kidogo sana. Mama atakuwa imara, na huenda gauni likamkaa vizuri zaidi, lakini hatageuka kuwa mtu mwingine.

"Kizazi kitashuka." Hofu hii tusiicheke. Mama mwenye afya anayeanza na uzito mdogo na kupumua vizuri hana haja ya kuogopa. Lakini ukiwa unahisi uzito au uvimbe ukeni, au mkojo unakutoka ukikohoa, nenda kliniki kwanza. Kadhalika, onana na mganga kabla ya kuanza ikiwa una shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu, ngiri, au mgongo unaouma hadi mguuni. Mjamzito, na mama aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, asianze bila ruhusa ya kliniki.

"Si mchezo wa wanawake." Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake ya kunyanyua uzito yalifanyika Marekani mwaka 1987, na tangu Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 wanawake hushindana kama wanaume.

Siku ya kwanza ukumbini

Nenda na mama mwenzako, hata mkwe au jirani. Chagua saa ambazo ukumbi hauna watu wengi. Mara nyingi ni asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Mwombe mwalimu akuonyeshe mwendo wa kila zoezi, na asiyependa kufundisha wanaoanza, mwache utafute mwingine. Vaa fulana na suruali ya mazoezi isiyobana. Khanga uiache ndani ya mkoba, maana hunasa. Vaa raba zenye soli bapa na ngumu, au zile za kitambaa. Zenye soli laini kama sponji hukuyumbisha.

Mazoezi ya msingi ni manne:

1. Kuchuchumaa ukiwa na chuma mabegani, nyuma ya shingo. Nyayo zote zikae chini, magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu.
2. Kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi mapajani. Mgongo unyooke, chuma kiwe karibu na miguu, nguvu itoke miguuni na makalioni. Ndivyo inavyofaa kunyanyua gunia la mkaa pia.
3. Kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa.
4. Kuinama kidogo, mgongo ukiwa umenyooka, na kuvuta chuma kuelekea tumboni.

Zoezi la kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu ya kifua ni zuri, lakini usilifanye kamwe bila mtu wa kusimama kichwani pako.

Wiki mbili za kwanza tumia mpini wa fagio au wa jembe, kisha chuma chepesi, ndipo chuma kitupu. Rudia kila zoezi mara 8. Hiyo ni seti moja. Pumzika dakika mbili, fanya seti ya pili na ya tatu. Vuta pumzi kabla, toa unaponyanyua. Usibane pumzi hadi macho yakatoka. Unapomaliza seti ujione ungeweza kurudia mara mbili zaidi. Ukimaliza seti zote tatu kwa mwendo mzuri siku mbili mfululizo za mazoezi, ongeza kilo moja au mbili. Ukishindwa, punguza, wala usione haya. Na vyuma vya duara vikishachomekwa, hakikisha vimebanwa kwa klipu zake.

Siku mbili kwa wiki zatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Acha siku moja au mbili katikati, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Kuumwa misuli kwa siku mbili au tatu ni kawaida. Maumivu makali ya ghafula, kizunguzungu au kifua kubana si kawaida: acha mara moja, ukamwone mganga.

Chakula na nyumba

Misuli haijengwi na chai na mkate peke yake. Maharage, kunde, choroko, dagaa, mayai na maziwa, mojawapo liwepo katika kila mlo. Wengi wetu huwagawia baba na watoto kitoweo, sisi tukabaki na mchuzi. Mama anayejijenga mwili naye apate kipande chake.

Zungumza na baba watoto mapema juu ya ada na muda, ili isije ikaonekana umeanza kutoroka nyumbani. Mweleze kwamba saa mbili kwa wiki leo ni akiba ya uzee wenu wote wawili. Ada ikiwa nzito, akina mama wanne au watano wa mtaa wanaweza kuchanga wakanunua chuma kimoja na kutafuta mwalimu wa kuwafundisha. Na mahali ambapo hilo nalo haliwezekani, kuchuchumaa na kusimama kutoka kwenye kiti, na ndoo inayoongezwa maji kidogo kidogo kila wiki, ni mwanzo mzuri.

Tumezoea kuhudumia wagonjwa, wazazi, wajukuu. Huduma hiyo yote huhitaji mgongo na miguu. Haba na haba hujaza kibaba, na kilo moja juu ya nyingine hujenga mama atakayeinuka mwenyewe kitini akiwa na miaka 75. Wiki hii, tafuta mwenzako mmoja, pimeni shinikizo la damu, kisha mwende mkauulize huo ukumbi ulio karibu nanyi unafungua saa ngapi.