Mnyime ndege pa kukanyaga: boti na minandi wa Nyegezi

Boti ikitia nanga Nyegezi, upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria, ikakaa siku chache bila mtu kuipanda, haikosi wageni. Mnandi, yule ndege mweusi wa majini, husimama ukingoni ametanua mabawa. Yangeyange hujipanga juu ya turubai, na mdiria hushika kamba ya nanga akiwavizia dagaa chini yake. Wakiondoka jioni wanaacha mbao zimepakwa uchafu mweupe unaonuka samaki, na mwenye boti atakayefika asubuhi na abiria wake ataanza kwa kuomba radhi.

Wavuvi wa dagaa wanaijua kero hii kwa majira ya mwezi. Kazi yao hutaka giza, kwa kuwa taa huwavuta dagaa vizuri usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukipevuka nyavu hushonwa, watu hupumzika, na mitumbwi hubaki tupu. Huo ndio wakati ndege wanapojimilikisha.

Hawaji kwa ukorofi. Manyoya ya mnandi hulowa anapozama kuwinda, tofauti na ya bata, kwa hiyo akitoka majini ni lazima apate mahali pa kujianika. Ufukweni kuna watu, mbwa na bodaboda. Boti iliyo majini ina utulivu, na kutoka hapo anamwona kila anayekuja. Tukimwachia na vichwa vya samaki au dagaa waliokwama kwenye mataruma, tumemwalika wenyewe. Kusafisha boti mara tu mzigo unaposhuka ni nusu ya dawa, na hakugharimu chochote zaidi ya ndoo na brashi.

Nusu nyingine watu wengi huikosea. Hutundika CD za zamani, mifuko inayopepea, hata sanamu ya mtu aliyevishwa shati. Kwa siku za mwanzo ndege hukaa mbali. Kisha hugundua kwamba sanamu haisogei, na baada ya muda utamkuta mnandi ametulia juu ya kofia yake. Ndege huzoea chochote kisichomdhuru. Kinachomshinda ni kukosa pa kukanyaga.

Vuta kamba imara juu ya ukingo, kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye ubao, uikaze mpaka ilie ukiigusa. Ndege akitaka kutua, kamba humzuia kukunja mabawa na kusimama sawasawa. Kwa paa au mlingoti wa kulala, chukua vipande vya bomba la plastiki, uvipitishe kwenye kamba kama shanga, kisha uifunge kamba juu kabisa, pale ndege wanapopenda. Akikanyaga, bomba linazunguka na mguu unateleza. Hata upepo ukitulia, bomba linaendelea na kazi yake. Turubai nalo lifungwe kwa mwinamo mkali. Likilegea, maji na kinyesi hutuama katikati.

Nawasihi wenye boti wasitumie nyavu kuukuu zilizolegea, wala mshipi mwembamba usioonekana. Vitu hivyo hunasa miguu na mabawa, na ndege hufa akining'inia. Sumu ndiyo mbaya kuliko zote. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu majini, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuua ndege wa porini bila kibali. Tena maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa Mwanza.

Ndege hawa wana faida ambayo watu wa Nyegezi, penye chuo cha uvuvi na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), wanapaswa kuijua. Mdiria akimeza samaki hutapika vibonge vya mifupa, na vibonge hivyo huonyesha alichokula. Watafiti wa Uholanzi Jan Wanink na Kees Goudswaard walivichunguza katika Ghuba ya Mwanza, na mwaka 1994 wakaandika kwamba baada ya sangara kuongezeka na furu kuadimika, mdiria aliyekuwa akila furu alihamia kwenye dagaa. Ndege alikuwa ameyarekodi mabadiliko ya ziwa katika matapishi yake. Mimi sioni sababu ya kumwangamiza shahidi kama huyo kwa ajili ya benchi lililochafuka.

Kuhusu uchafu wenyewe: ile sehemu nyeupe ni asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kirahisi majini. Ndiyo maana kumwaga ndoo moja na kusugua hakusaidii, na ikikaa juani siku nyingi rangi ya boti hufifia na kubanduka. Funika eneo hilo kwa gunia lililoloweshwa, usubiri lilainike, ndipo usugue. Usikwangue kikavu, kwa sababu vumbi lake litaingia mapafuni. Funika pua na mdomo, na unawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege, kirusi cha H5N8, baada ya ndege wahamaji kufa kwenye fukwe za ziwa hilihili karibu na Entebbe. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa ndani ya boti au kando yake, usiwashike kwa mikono mitupu na usiwatupe majini. Waite wataalamu wa mifugo wa kata au wa halmashauri, na boti ibaki hivyo hivyo mpaka wafike.