NAMBA ILIYODHANIWA HAINA FAIDA

Mara nyingi twasikia mzazi akimwambia mwanawe: "Hesabu ya kununua na kuuza yakutosha, hiyo nyingine ni kupoteza wakati." Leo twapenda kumjibu kwa kisa cha namba moja tu: 2,147,483,647.

Hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Ukitaka kuipata, anza na 1, uiongeze maradufu mara 31, kisha utoe 1. Lakini si kila namba ipatikanayo hivi huwa tasa. Ongeza maradufu mara 11 na utoe 1, utapata 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alisema mwaka 1644 kwamba namba yetu ni tasa, asilete hoja. Hoja ililetwa na Leonhard Euler, aliyekuwa akiishi St. Petersburg, Urusi, na ikatangazwa mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Alijua kuwa kama namba hii yagawanyika, basi lazima kimojawapo cha vigawanyo vyake kiwe chini ya 46,341. Hapo pana namba tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu. Euler akathibitisha kwanza kwamba kila kigawanyo chake, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kwa hoja hiyo zikabaki namba tasa zisizofika mia. Zikajaribiwa zote, isipatikane hata moja iliyoigawa.

Mwaka 1811 mwanahesabu Mwingereza, Peter Barlow, aliandika kwamba haielekei mtu atatafuta namba kubwa kuliko ile itokanayo na hiyo ya Euler, kwa kuwa mambo haya ni ya kustaajabisha tu, hayana faida. Alikosea mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha namba tasa yenye tarakimu 39, na mwaka 2024 ikapatikana yenye tarakimu 41,024,320.

Na faida je? Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, huko Marekani, walibuni njia ya kufunga siri kwa namba tasa mbili kubwa. Kuzizidisha ni kazi nyepesi, bali kuzitambua katika namba itokanayo na kuzizidisha ni kazi ngumu mno. Njia hiyo imelinda fedha na barua za watu wengi ulimwenguni. Tena namba yetu yenyewe ndiyo kikomo cha kuhesabu katika kompyuta nyingi za namna ya zamani. Zile zihesabuzo sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, na zisiporekebishwa kabla ya hapo, tarehe zake zitavurugika.

Basi enyi wazazi, mtoto akiinamia hesabu ambayo ninyi hamuioni faida yake, msimnyang'anye kalamu. Nanyi vijana, jifunzeni kwa subira na kwa hoja, wala msikubali neno kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Barlow alikuwa mjuzi wa fani yake, naye hakuona yaliyokuwa mbele. Itakuwaje sisi tuhukumu kwa haraka?