Kupekua: Kazi ya Kuku na Kazi ya Mtu

Mwalimu na aandike ubaoni neno hili: KUPEKUA. Lisomeni nyote kwa vipande: ku-pe-ku-a. Vema.

Sasa mkumbukeni kuku jaani. Huusukuma mchanga nyuma kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu wa pili. Halafu hurudi nyuma hatua moja, huinama na kutazama amefukua nini. Akiona mchwa au punje, huidona. Basi, kudona ni kazi ya mdomo. Kupekua ni kazi ya miguu. Wengine husema kuchakura, na maana ni ile ile. Humeza hata vijiwe, kwa kuwa hana meno. Vijiwe hivyo ndivyo vinavyosaga chakula ndani ya firigisi. Wala kifaranga hangoji kufundishwa. Hata aliyeanguliwa kwa mashine, asiyepata kumwona mama yake, naye hupekua. Wazee husema: Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.

Mtu naye hupekua. Yule anayefunua vyungu vya jirani na kusoma barua zisizo zake huitwa mpekuzi, na hapo si sifa. Lakini afisa wa forodha anayefungua mizigo bandarini, naye ni mpekuzi, na hapo ni jina la kazi.

Mwanafunzi mmoja atauliza: katika kupekua hamna z, katika mpekuzi z imetoka wapi? Swali zuri. Zamani maneno ya namna hii yalikuwa na l karibu na mwisho, na Kiswahili kikaiacha. Sisi twasema kukaa; Wakamba husema kwikala, na l yao ipo mpaka leo. Kwetu sisi hujitokeza tusemapo kalia, au pekulia. Ikikutana na i ya mwisho wa jina, hugeuka z: kaa, mkazi, chukua, mchukuzi, chagua, uchaguzi, pekua, upekuzi. Mmekuwa mkiifuata kanuni hii tangu utotoni, bila ya kuandikiwa na mtu.

Neno upekuzi lisomeni kwa makini. Huenda siku moja askari akapiga hodi nyumbani kwako na karatasi iliyoandikwa Hati ya Upekuzi. Asiyejua kusoma atafungua mlango tu. Wewe iombe uisome. Nyumba iliyotajwa ni yako? Imeandikwa wanatafuta kitu gani? Imetiwa sahihi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, yasema kwamba mtu ana haki ya kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake wala mali yake. Haki hiyo ina mipaka, na zipo nyakati ambapo sheria humruhusu askari kupekua bila hati. Lakini hati ikiwapo, maneno yake ndiyo yanayoonyesha waliokuja wameruhusiwa kupekua wapi.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni jina la mtu afanyaye kila kazi hii: kununua, kuamua, kugundua. Kisha kila mmoja atunge sentensi mbili za neno mpekuzi, moja ya kulaumu na moja ya kazi. Majibu tutayasoma katika somo lijalo. Kwaherini.