Moto Uliofichika Katika Bunduki ya Upepo

Wengi hudhani kwamba bunduki ya upepo huwa na upepo uliohifadhiwa ndani yake. Katika bunduki ya springi sivyo. Mtutu unapokunjwa, pistoni hurudi nyuma na springi hubanwa. Kifyatulio kikivutwa, springi huisukuma pistoni mbele, nayo hewa iliyomo katika silinda hugandamizwa ghafla.

Hewa igandamizwapo hivyo hupata joto, kama ijulikanavyo kwa kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli. Tuchukue hewa ya nyuzi 27 za Sentigredi. Ujazo wake ukipunguzwa hadi sehemu moja ya ishirini, pasipo joto kupotea, hesabu yatupa zaidi ya nyuzi 700. Joto hilo laweza kuwasha mafuta bila cheche, na ndiyo kanuni ya injini ya dizeli. Katika miaka ya 1970 huko Uingereza, G.V. Cardew na G.M. Cardew walifyatua bunduki ya namna hii ndani ya naitrojeni, gesi isiyosaidia moto. Kasi ya risasi ilipungua sana. Ilidhihirika kwamba mafuta kidogo huungua hata katika ufyatuaji wa kawaida.

Kwa hiyo mwenye kuihudumia bunduki yake nyumbani ayazingatie mambo matatu, baada ya kuhakikisha kwamba haina risasi. Kwanza, asimimine mafuta ya mashine mbele ya pistoni. Yakizidi hulipuka, yakaharibu sili na springi. Pembeni mwa pistoni yatosha utando mwembamba wa grisi ya molibdenamu. Pili, asifyatue pasipo risasi. Hewa iliyozuiliwa na risasi ndiyo mto wa kuipokea pistoni. Isipokuwapo, chuma hugonga chuma. Tatu, springi huwa imebanwa hata bunduki isipokuwa tayari kufyatuliwa. Pini ikitolewa kabla springi haijazuiwa kwa kibano madhubuti, yaweza kuruka na kumpofua mtu.

Wako wanaotia springi ngumu zaidi wakitafuta nguvu. Mara nyingi hupata mtikiso na kupoteza shabaha. Tena sheria hutazama nguvu hiyo: Ujerumani kikomo cha bunduki isiyohitaji kibali cha umiliki ni jouli 7.5, na England takriban jouli 16. Yafaa kuijua sheria ya mahali kabla ya kushika bisibisi.

Kishindo kikali na moshi mdomoni mwa mtutu ni dalili za mafuta yanayoungua. Mwenye bunduki asivifurahie, aifungue, aisafishe.