Mvulana Joaquín na Mto Usiokuwepo

Mwaka 1776, wakati makoloni 13 ya mashariki mwa Amerika Kaskazini yakijitangazia uhuru kutoka Uingereza, msafara mdogo ulijiandaa mbali sana na huko. Ulikuwa katika mji wa Santa Fe, uliotawaliwa na Wahispania. Tarehe 29 Julai wanaume 10 wakashika njia. Walitaka kufika Monterey, kituo cha Wahispania kwenye pwani ya California, na kati yao na pwani hiyo palikuwa na milima, majangwa na makorongo ambayo hakuna Mhispania aliyewahi kuyachora kwenye ramani.

Viongozi walikuwa mapadri wawili Wafransisko, Domínguez na Vélez de Escalante. Mchora ramani alikuwa Bernardo de Miera y Pacheco, mzee wa miaka 60 na ushei. Hata hivyo, anayenivutia mimi kuliko wote ni mvulana aliyewakuta njiani.

Nchi ile ilikuwa na wenyewe. Katika kambi ya watu wa Ute, milimani, msafara ulimpata mwanamume wa kabila la Timpanogos aliyekubali kuuongoza hadi kwenye ziwa la kwao. Mapadri wakampa jina Silvestre. Mtoto wa miaka 12 hivi, wa watu haohao, naye akataka kwenda, wakamwita Joaquín. Alikuwa mtundu! Siku moja alimrukia farasi mkali, akamtimua mbio, farasi akaingiza miguu shimoni na kuanguka. Joaquín alirushwa mbali, akalia kwa uchungu mpaka wakubwa wakadhani kaumia vibaya. Kumbe aliyevunjika shingo alikuwa farasi.

Tarehe 23 Septemba Silvestre aliwafikisha ziwani, ambako leo ni jimbo la Utah. Watimpanogos waliwapokea vizuri. Mapadri wakaahidi kurudi na kuishi nao. Hawakurudi kamwe, na jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma, kwa sababu wenyeji walikuwa wamewaamini.

Silvestre alibaki kwao. Joaquín, ambaye angeweza kubaki pia, aliendelea na wageni pamoja na kiongozi mpya waliyemwita José María. Huyu hakukaa. Mwanzoni mwa Oktoba alishuhudia ugomvi kati ya bwana mmoja na mtumishi wake msafarani, akachukizwa, akaenda zake. Siku hizohizo theluji ilianguka, chakula kikapungua, na hakuna aliyejua njia mbele. Miera alitamani kusonga hadi Monterey, mapadri walitaka kurudi. Tarehe 11 Oktoba walisali, wakapiga kura. Kura ikaangukia Santa Fe.

Kurudi ndiko kulikokuwa na taabu kubwa zaidi. Mto Colorado uliwazuia, umejikata chini kabisa kati ya kuta za mawe. Waogeleaji wawili walijaribu kuvuka uchi, nguo zao wamezifunga kichwani. Maji yakazichukua nguo katikati ya mto. Wakafika ng'ambo wamechoka hoi, wakashindwa kupeleleza lolote, wakarudi kama walivyozaliwa. Njaa iliwabana, wakala matunda ya mpungate na kuwachinja farasi wao wenyewe. Hatimaye, tarehe 7 Novemba, walipata kivuko. Ili wanyama wateremke, walichonga ngazi kwenye jabali kwa shoka, kipande kisichozidi mita 3. Tarehe 2 Januari 1777 wakaingia Santa Fe, na Joaquín akiwa nao.

Kisha Miera akachora ramani yake. Ni kazi nzuri mno, na mabonde mengi aliyoyapita unaweza kuyatambua hadi leo. Lakini kuna mahali alibahatisha. Msafara ulikuwa umevuka mto unaoitwa sasa Green, wakaupa jina San Buenaventura. Baadaye walikutana na mto mwingine, Sevier, na Miera akadhani ni uleule. Akauchora ukielekea magharibi hadi kwenye ziwa ambalo ukingo wake wa mbali hakuuona. Wachora ramani waliofuata, ambao hawakuwahi kukanyaga huko, wakaurefusha mto huo mpaka ukafika Bahari ya Pasifiki. Watu wakautafuta kwa miaka mingi, wakitarajia kushuka nao hadi baharini. Mwaka 1844 mpelelezi John C. Frémont, baada ya kuizunguka nchi ile, alithibitisha kwamba mto kama huo haupo.