Kipimo cha Shahawa na Utayarishaji wa Mbegu za Kiume

Katika Ihanda, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Karagwe na Kyerwa, ndoa inayokaa miaka miwili bila mtoto huanza kuulizwa maswali, na maswali hayo huelekezwa kwa mke. Yeye ndiye anayenyweshwa mizizi, anayepelekwa kuombewa na pengine kurudishwa kwao, ilhali mume, kwa kuwa tendo la ndoa halimshindi, huhesabiwa kuwa mzima. Hesabu hiyo ni ya makosa. Katika takribani nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mke, na nguvu za kiume hazithibitishi kuwapo kwa mbegu. Mwanamume aliyewahi kuugua kisonono kisitibiwe ipasavyo anaweza kuzibwa mirija ya mbegu pande zote mbili, akaendelea na tendo vilevile, akatoa shahawa kama kawaida, na ndani yake isiwemo hata mbegu moja. Kuwa na mtoto wa miaka ya nyuma nako si ushahidi, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuwa umeingia baada ya mtoto kuzaliwa.

Sura hii inafuata sampuli tangu inapotolewa, inapohesabiwa, hadi mbegu zinapotengwa kwa ajili ya matibabu. Kabla ya hapo haina budi kuondolewa njiani imani ya «mbegu nyepesi», ambayo imewatajirisha wauzaji wengi wa dawa. Theluthi mbili hivi za shahawa hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka katika tezi dume, na kinachotoka katika korodani pamoja na mbegu zenyewe hakizidi asilimia 5. Ndiyo maana mwanamume aliyefunga uzazi kwa upasuaji hutoa shahawa ambazo kwa macho hazina tofauti na za zamani. Tena shahawa huganda mara tu zinapotoka, kisha huyeyuka zenyewe, kwa kawaida ndani ya dakika 15 hadi 30, hivyo anayezitazama baada ya muda huo akaona majimaji ameona jambo la kawaida kabisa. Uzito au wepesi hauhesabu mbegu; hadubini ndiyo inayozihesabu. Vumbi la Kongo, supu ya pweza na michanganyiko ya asali na mizizi havijathibitishwa kuziongeza, na sindano za testosteroni, ambazo siku hizi vijana huzitafuta ili wajenge misuli, huzipunguza na zinaweza kuzimaliza, kwa sababu ubongo ukishaiona homoni hiyo ikiwa tele katika damu huacha kuziamrisha korodani kufanya kazi.

Sampuli hutolewa baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, kwa mkono, ndani ya kikopo safi cha maabara, bila mate, mafuta wala sabuni, na bila kondomu ya kawaida, kwa kuwa mpira wake na vilainishi vyake hudhuru mbegu. Tone la kwanza lisipotee, maana ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yanayofuata, na aliyelimwaga akaficha kwa aibu atapewa majibu ya uongo. Kipimo kianze ndani ya saa moja, kwa hiyo mtu wa Ihanda hawezi kutoa sampuli nyumbani ikasafirishwa hadi Bukoba, sembuse Hospitali ya Bugando kule Mwanza. Mwenyewe hana budi kwenda. Hata aliye karibu na maabara, akiibeba kwenye bodaboda katika baridi ya asubuhi ya Karagwe, inampasa aweke kikopo ndani ya shati, kigusane na mwili, kwa kuwa mbegu zilizoshuka chini ya nyuzi 20 hupoteza mwendo, na msomaji wa hadubini akadhani ni ugonjwa.

Mbegu huhesabiwa katika chemba ya Neubauer, kipande cha kioo kilichochorwa miraba midogo. Mraba wake mkubwa wa katikati una upana wa milimita 1 kila upande na kina cha sehemu ya kumi ya milimita, na kwa kuwa ujazo huo unajulikana, mbegu zilizomo zinaweza kukadiriwa kwa kila mililita. Huhesabiwa zisizopungua 200, kisha kazi hurudiwa kwa tone jingine, na hesabu mbili zikipishana mno zote hutupwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini: ujazo wa mililita 1.4, jumla ya mbegu milioni 39, asilimia 42 zenye mwendo, na asilimia 4 zenye umbo kamili. Takwimu hizi husomwa vibaya kuliko jambo lolote katika taaluma hii. Zimepatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha kutazama walipo asilimia 5 wa chini kabisa, na hao wa chini nao ni baba za watoto. Aliye chini ya mstari hajahukumiwa kuwa mgumba, na aliye juu yake hajahakikishiwa mtoto.

Hiyo asilimia 4 huwashtua wengi, na hapa inafaa kumtazama fahali. Mililita moja ya shahawa zake hukaribia mbegu bilioni 1, na fahali wa kupandishia hutakiwa kuwa na asilimia 70 au zaidi ya mbegu zenye umbo kamili. Madume ya Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River mkoani Arusha, hupimwa shahawa kabla hazijagandishwa na kusambazwa kwa wafugaji, na lisilofaa halitumiki. Mfugaji wa Karagwe ambaye majike yake hayashiki mimba hulishuku dume mapema na hulibadilisha bila kusita, wala hamlaumu ng'ombe jike. Mtu huyohuyo, mkewe asiposhika mimba, hakubali kupimwa. Binadamu ni miongoni mwa viumbe ambao mbegu zao nyingi huwa na kasoro za umbo hata wakiwa wazima. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Mbegu hutengenezwa kwa takribani siku 74, kisha hukomaa siku kadhaa katika mirija iliyo juu ya korodani, kwa hiyo homa kali ya malaria ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana katika majibu ya leo, na mgonjwa hurudishwa baada ya miezi mitatu.

Utayarishaji, ambao watu huuita kuosha mbegu, unafanya kazi ambayo katika tendo la ndoa hufanywa na ute wa shingo ya mji wa mimba. Ute huo hupokea mbegu zenye mwendo ndani ya dakika chache na kuyaacha majimaji nje, na ndiyo sababu yale yanayomtoka mke baada ya tendo si dalili ya ugumba. Daktari anapoingiza mbegu moja kwa moja katika mji wa mimba hawezi kuingiza shahawa nzima, kwa kuwa zina kemikali zinazoukaza mji huo kwa maumivu makali, pamoja na vijidudu. Kwa njia ya kwanza, kimiminika chenye virutubisho humwagwa taratibu juu ya shahawa, neli ikalazwa kwa mshazari wa nyuzi 45 katika joto la nyuzi 37, na baada ya saa moja huchotwa tabaka la juu, walikopanda waogeleaji wazuri. Kwa njia ya pili, shahawa huwekwa juu ya matabaka mawili ya kimiminika kizito, la asilimia 40 juu na la asilimia 80 chini, zikazungushwa katika mashine, na mbegu nzima hushuka hadi kitako cha neli huku zilizokufa na seli nyingine zikinaswa juu.

Njia hizi mbili, zikifuatana, zilipata kazi isiyotarajiwa. Mwaka 1992 daktari Augusto Enrico Semprini wa Milan, Italia, alichapisha matokeo ya kuosha mbegu za wanaume wenye virusi vya UKIMWI ambao wake zao hawakuwa navyo, kwa kuwa virusi hukaa katika majimaji na katika seli nyeupe, ambazo zote huachwa nyuma. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, ilikuwa na wenza wengi wa aina hiyo bila maabara ya kuwasaidia. Leo mume anayemeza dawa bila kukatisha hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mkewe, na kwa wenza hao mashine ya Milan si ya lazima tena.

Kuosha huchagua, hakuongezi wala hakuponyi. Mume asiye na mbegu hata moja hatazipata kwa kuoshwa, na yeyote anayeuziwa huduma hiyo kama tiba anadanganywa. Kwanza itafutwe sababu, kama ni kuziba kwa mirija, homoni au korodani zenyewe. Kipimo cha shahawa hakina kisu, maumivu wala mionzi, kwa hiyo mume apimwe mwanzoni, kabla mkewe hajalazwa kitandani kupigwa picha ya mirija ya uzazi.