Masikio ya Bibi na Kalamu Yangu Nyekundu

Nikiwa fildi katika shule moja ya kata chini ya Mlima Meru, niliwapa Kidato cha Pili insha ya Kiingereza: mweleze mtu wa nyumbani kwenu. Kijana mmoja wa Kiarusha akaandika kwamba bibi yake ana long ears. Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake pierced, nikampunguzia alama.

Akanifuata ofisini. "Shikamoo madam. Hii pierced ni masikio yako wewe. Ya bibi yamevutwa."

Nilinyamaza. Maana alikuwa sahihi.

Pierced ni kivumishi kilichotokana na kitenzi cha kutoboa, na kwenye masikio maana yake ni yaliyotogwa. Halisemi tundu ni kubwa au dogo. Mimi nina tundu la kupitisha hereni tu. Lakini kwa Wamaasai na Waarusha, kwa desturi, ndewe ikishatogwa hutiwa kijiti, kisha kingine kinene zaidi, hadi inarefuka na kuning'inia. Hapo Kiingereza kinataka neno lingine, stretched, na mara nyingi kinalipachika kwenye ndewe: stretched earlobes. Long-eared nalo utalikuta zaidi kwa wanyama, sungura na bundi, kama vile yule bweha masikio wa Serengeti anavyoitwa bat-eared fox. Kwa hiyo kijana naye alikosea, ila kosa lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko sahihisho langu.

Jingine ambalo hata sisi wa chuo tunalikoroga: pierced na piercing. Kiswahili hakikuachii uchanganye, kwa sababu "yaliyotobolewa" na "yanayotoboa" yanatofautiana waziwazi. Ukisema bibi ana piercing ears, umesema masikio yake ndiyo yanatoboa watu! Piercing iachie sauti kali, au baridi ya Arusha mwezi wa Julai. Na pierced ni silabi moja, mwisho wake husikika "st", usitamke "piasedi".

Nilimrudishia alama zake, nikamwandikia stretched earlobes pembeni. Akauliza tena, zile surutia za bibi, za shaba iliyosokotwa, kwa Kiingereza zinaitwaje? Nikamwambia aandike earrings.

Hakuridhika. Kusema kweli, hata mimi.